Sufuria Halirudi Tupu

Rumonge, mwezi wa sita

Kwa kaka yangu Asmani Hamissi, huko Ujiji,

Assalaam aleikum. Nakusalimu kwa heshima zote anazostahili mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, ingawa wewe husema ulinibeba kwa kulazimishwa. Kifua kinaendeleaje? Rachid, huyu wa boti la saruji, ameniambia bado unakohoa asubuhi na bado hutaki kwenda kupimwa. Wifi yangu je, na watoto, na wale wajukuu ambao sijawaona? Sisi huku tu wazima kwa uwezo wa Mungu. Shemeji yako Abdul anakusalimu sana. Ziwa limefungwa mpaka mwezi wa nane ili samaki wazaliane, basi wavuvi wote wako nyumbani, na yeye anashinda mekoni akinifundisha kupika. Furaha niliyonayo unaweza kuikisia mwenyewe.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu nakujua. Kwenye simu hunikatiza kabla sijafika kwenye jambo, na mtandao wako una tabia ya kukatika kila unapoanza kushindwa. Karatasi haikatizwi. Kaa chini, mwambie wifi akupe chai, usome kwa utaratibu. Jambo zito nimeliweka karibu na mwisho. Ukilirukia kwanza utakasirika bila kujua unakasirikia nini.

Ujumbe wako Rachid alinifikishia mbele ya watu, kama ulivyomwagiza. Ulisema Rumonge imezama na mtaa wetu umebaki wa viboko. Ulisema nifungashe masufuria ya Baba yaje Ujiji kwa boti litakalorudi baada ya kushusha saruji, na mimi na Abdul tufuate. Na nyumba isiguswe hata tofali moja mpaka utakapokuja, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Ukamalizia na mwacha asili ni mtumwa. Nilisikia yote, kaka. Sasa nawe usikie.

Ni kweli ziwa limepanda. Limepanda mpaka watu wazima ambao hawakuwahi kuliogopa sasa wanalitazama kama mgeni asiyetaka kuaga. Bibi Fahima, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliamka akakuta kambale kwenye kizingiti cha chumba chake. Kiboko alikuja kula nyasi kwenye uwanja wa madrasa, watoto wakapewa likizo ambayo hawakuiomba. Ule mchanga tuliokuwa tunaanikia ndagala, hao mnaowaita dagaa huko, umekwisha wote, na wanawake wanaanika juu ya mabati na kando ya barabara, wakigombana na mbuzi. Mifuko ya mchanga tuliyopanga mbele ya nyumba ilishikilia mvua moja, ya pili ikaichukua na ukuta wa jiko.

Lakini kusema mji umezama, hapo umekosea, na umekosea kwa sababu huujui tena. Tangu tumzike Baba hujakanyaga hapa. Kila mwaka unasema utakuja ukijipanga. Rumonge unayoililia ni ile ya mitaa yetu miwili mitatu ya chini, na hiyo kweli inaloa. Mji wenyewe uko juu, na unakua usiku na mchana kama mtoto wa kunyonya.

Kumbuka Baba alivyotusimulia. Babu alipofika kutoka Uvira hapakuwa na mji, palikuwa na matete, na mahali pa kuvutia mitumbwi, na duka moja la Mwarabu lililouza chumvi na shuka. Baba alipojenga nyumba yetu, akiwa fundi wa boti anayeanza kupata jina, watu walimcheka kwamba amejenga mbali na wenzake. Mbali yenyewe ilikuwa hatua za kutupa jiwe. Harusi ikitokea, mji mzima ulikula kwenye masufuria mawili, na yote mawili yalikuwa ya Baba.

Hapo ndipo ninapoupimia mji huu, kaka. Wengine hupima kwa etaji, yale maghorofa, na benki. Mimi napima kwa masufuria, maana nimekulia kwenye kile chumba. Walipofika wavuvi wa upande wa Kongo na nyavu zao za taa, Baba akaongeza sufuria. Serikali ilipopanda michikichi kwenye tambarare yote na wafanyakazi wakaja kutoka milimani, akaongeza jingine. Barabara ya Bujumbura ilipotiwa lami, malori yakaanza kuja kuchukua samaki na mawese, akaongeza tena, akinung'unika kwamba watu hawa wanazaliana kuliko ndagala. Kisha vita ikapita, tukalia. Kisha wakarudi waliokuwa Tanzania, maelfu kwa maelfu, na magodoro vichwani na Kiswahili kizuri kuliko chetu. Tukapewa mkoa, zikaja ofisi, hoteli, mashule, pikipiki za abiria. Sasa wanasema mikoa itaunganishwa na mkoa wetu utaondoka. Wauchukue. Mji hauwezi kurudi kuwa matete.

Vijana wa siku hizi hukodi masufuria pamoja na mahema na viti vya plastiki, na mimi siwalaumu. Lakini mtu akifiwa hana muda wa kukodi. Anakuja kwetu. Unakumbuka kwa nini mlango wa chumba cha masufuria ulitazama barabarani na haukuwa na kufuli, ila kile kipande cha mti tu. Baba alisema kifo hakipigi hodi, basi na aliyefiwa asihangaike kupiga hodi. Aje achukue. Masharti yake yalikuwa hayo unayoyajua: nguruwe asipikwe humo, pombe isipikwe humo, mtu asitozwe chochote, na sufuria halirudi tupu. Hata kama ni ndimu moja, utie ndimu moja. Mama alikuwa akicheka kwamba sisi ni watu pekee Rumonge wanaokula misiba na harusi za wenzao kwa vipande vipande.

Sasa nakuja kwenye Bi Mkubwa.

Najua ukilisoma jina hilo tu uso umekukunjamana. Lile sufuria kubwa kuliko yote, la kupikia watu mia, ambalo wewe mwenyewe ulilipeleka kichwani ukiwa na miaka kumi na miwili mpaka kwa Anselmo, yule mkulima wa michikichi kule juu, aliyekuwa anamwoza mdogo wake. Mwaka wa sabini na mbili. Harusi haikufika. Watu wa upande ule waliuawa au walikimbia, na Anselmo na mkewe Jovita hatukuwaona tena, wala sufuria. Baba hakununua jingine la ukubwa ule. Pale mahali pake, kwenye yale mawe matatu karibu na mlango, hakuruhusu kuwekwa kitu. Wewe ulisema wametuibia. Baba alikujibu kwamba limeazimwa, na kilichoazimwa kina njia ya kurudi. Mlibishana hivyo mpaka mauti yake. Mimi, nikikuambia kweli, nilikuwa upande wako, ila sikusema.

Kaka, Bi Mkubwa amerudi.

Ilikuwa adhuhuri, mwezi uliopita. Mimi na Abdul tulikuwa tunachota maji kwenye chumba cha Mama kwa makopo, kazi ya kijinga, unachota na ziwa linarudisha. Nikamwona mwanaume anasukuma baiskeli ndani ya maji, na nyuma yake mwanamke ameshikilia mzigo mkubwa uliofungwa kitenge. Mwanamke nilimjua. Ni Evangelina, anauza mawese pale sokoni karibu na mizani. Nimenunua kwake tangu walipotoka Tanzania, na mumewe Revokatus ndiye hunibebea dumu mpaka kwa pikipiki. Nilipenda kununua kwake kwa sababu ya matabishi, maana nyongeza aliyokuwa ananitilia ilizidi ya wenzake wote. Nikajisifu kwa Abdul kwamba mimi najua kuongea na wauzaji.

Walipofungua kitenge, Bibi Fahima ambaye macho yake hayaoni hata mlima alisogea akapapasa ukingo, akapapasa chini ya mkono wa sufuria, akapata alama ya Baba, yale matundu matatu aliyoyapiga kwa misumari ya boti. Akasema, “Njo yenyewe. Iyi sufuria iko ya Hamissi. Mukono wake njo uyu.” Kisha akaanza kulia, na mimi nikamfuata, na Abdul akajifanya anachota maji.

Evangelina ni binti ya Anselmo. Alituhadithia akiwa amesimama na maji yakimfika kwenye mashavu ya miguu, hakutaka kukaa. Siku ile ya kukimbia maharagwe ya harusi yalikuwa motoni, yameiva nusu. Mama yake, Jovita, hakuwa na muda wa kuchagua cha kuchukua. Akaepua sufuria, akamwaga maji, akajitwika likiwa na maharagwe yake, na mtoto mgongoni. Mtoto ndiye huyo Evangelina. Wakashuka na watu wengine kuelekea kusini, wakapita Kabonga, wakavuka mpaka, na njia nzima walikula maharagwe ya harusi isiyokuwapo. Bwana harusi hakufika Tanzania.

Kule kambini sufuria hilo likawa la watu wote, kama lilivyokuwa kwa Baba. Jovita alilitoa kwa harusi, kwa msiba, kwa ubatizo, na hakutoza. Lilipotoboka akalitia kiraka cha kopo la mafuta ya msaada, kiraka hicho nimekiona, kimepigwa ovyo lakini kimeshika. Alipokuwa anakufa aliwaambia wanawe kwamba kile ni kitu cha watu, kina kwao, kirudi Rumonge kwa Hamissi fundi wa boti, na kisirudi kitupu kwa sababu ndivyo ilivyo sheria ya nyumba ile.

Basi nikamuuliza lile ambalo na wewe unaliuliza sasa hivi, nakusikia kutoka huku. Mmerudi zamani. Umeniuzia mawese miaka yote hiyo, unanitazama usoni, unajua mimi ni nani. Sufuria lilikuwa wapi?

Akasema lilikuwa chini ya kitanda chake. Akasema waliporudi walikuta shamba la baba yake limegawiwa watu wengine, wakalala kwa jamaa, wakakaa miaka wakiitwa huku na huku, mpaka wakapatanishwa wagawane nusu kwa nusu na ile familia iliyokuwamo. Halafu wakaanza kujenga, halafu watoto wakataka shule. Kila mwaka alisema mwaka huu nitapata cha kutia ndani ya sufuria nimpelekee Mwanvua, ndiye mimi. Na kila mwaka alipolitazama lile sufuria, ukubwa wake, na miaka lililokaa, akaona hakuna alichonacho kinachofanana na deni hilo. Kulirudisha na kilo ya mchele aliona ni matusi. Kulirudisha tupu ndiyo kabisa, mama yake angegeuka kaburini. Kwa hiyo akawa ananizidishia mawese.

Kaka, nilikasirika. Nilikasirika kuliko siku uliyoniuzia kuku wangu. Nilimwambia tungelipokea hata likiwa na maji, hata likiwa na buibui. Baba angelipokea akacheka. Nikamwambia miaka kumi na sita umelala juu ya sufuria letu na sisi tumekaa tunatazama mawe matatu, wewe na mama yako mmeichukua sheria ya Baba mkaifanya kuwa ukuta, na yeye aliiweka ili watu wasiache kutembeleana. Alinisikiliza, akasema, “Ni kweli dada. Niliona aibu. Aibu haina hesabu.” Hasira yangu ikapotea. Mtu akikubali kosa bila kulipamba, utampigia kelele za nini?

Kisha Bibi Fahima, ambaye machozi hayajamkauka, akauliza bila haya kama huko kambini walipika ngurube humo. Nilitamani nizame. Evangelina hakuchukia. Akasema waliombwa, tena mara nyingi, maana kule wengi ni Wakristo kama wao na siku za sikukuu walifuga nguruwe. Mama yake alikataa, akachekwa, akaitwa Jovita Msilimu, akaendelea kukataa. Lakini akasema hawezi kumwomba mtu amwamini kwa miaka ambayo hakuwapo. Akatoa kifurushi kilichokuwa ndani, akakiweka juu ya kizingiti, akainamisha sufuria ziwani, pale pale mlangoni petu, akaliosha mara saba, na mara ya kwanza kwa udongo, kama tunavyofundishwa sisi. Hatukumwambia. Alikuwa anajua. Alipomaliza akarudisha kifurushi ndani, akalishika kwa mikono miwili, akanipa.

Nikafungua. Vilikuwa vijiti vya miyenzi, vibichi, bado vinatoa ule utomvu mweupe. Wewe umekaa Ujiji siku nyingi, labda umesahau: huku ndivyo tunavyopandia mipaka ya parseli, viwanja vya kujengea. Mtu hakupi vijiti vya miyenzi kwa mchezo.

Revokatus ndiye aliyenieleza. Kwenye ile nusu ya shamba waliyorudishiwa, juu ya barabara kubwa, kuna ukanda unaogusa barabara. Mji umepanda mpaka pale, pana bomba la maji na stima karibu. Wamekaa na watoto wao, wakakubaliana. Majirani na shefu wa mtaa wamekwisha kuonyeshwa mwanzo na mwisho. Ukanda huo ni wa masufuria ya Hamissi, na mlinzi wake akae hapo nayo. Walisikia kwamba nyumba ya masufuria inaingiwa na maji, wakaona kwamba sasa wamepata kitu cha kutia.

Wazee wetu wa msikitini walilijadili, usidhani niliamua kwa moyo wa kike kama unavyopenda kusema. Wengine hawakupenda vitu vya mtaa wa Waislamu vikae kwenye ardhi ya Mkristo. Nikawaambia Bi Mkubwa alikaa mikononi mwao zaidi ya miaka hamsini akala halali yake. Sisi na masomo yetu ya madrasa tulishindwa hata kumkumbuka kwa dua. Mmoja akasema ardhi iliyotolewa ni ya aliyepewa, na tena huku chini hata pa kutawadhia hatuna, ziwa limetutawadhisha kwa nguvu. Watu wakacheka, kikao kikaisha.

Sasa, kaka Asmani, shika kikombe chako vizuri.

Nyumba ya Baba haipo.

Ziwa halikuichukua. Niliibomoa mimi. Rachid aliponiletea ujumbe wako kwamba lisiguswe tofali, ngazi ilikuwa imekwisha kuegemezwa ukutani. Ningeweza kuishusha. Watu wote walinitazama mimi, maana ujumbe wameusikia, na wewe ni mkubwa wangu, sijawahi kukuvunjia neno. Nikauliza utakuja lini, Rachid akasema hukusema lini. Nikatazama maji. Yale matofali mabichi ya Baba, ukiyaacha wiki mbili zaidi, yangerudi kuwa tope, na mabati yangeenda na upepo, na mlango wa chumba cha masufuria ungeelea mpaka kwenu, labda hilo ndilo ungependa. Nikapanda mwenyewe nikang'oa bati la kwanza. Nilitaka kwamba siku utakapouliza ni nani, usiambiwe Abdul.

Tulipofika chumba cha Mama nilishuka nikaenda kukaa barabarani nikalia. Nilikuwa najua nafanya sawa na bado nililia, sikufichi. Kisha nikarudi. Wavuvi wote hawana kazi mwezi huu, walikuja bila kuitwa, wa kwetu na wa Kanyenkoko. Wakapakia matofali kwenye mikokoteni na kupandisha. Mawe ya msingi tumeliachia ziwa, yalikuwa ya kwake tangu mwanzo. Evangelina na jirani zake, hata wale wa ile nusu nyingine ya shamba, walichimba msingi mpya. Tumepika kwa Bi Mkubwa, mara ya kwanza hapa tangu alipoondoka. Nilipika maharagwe. Yaliiva yote.

Abdul, kwa kuwa ni mvuvi na hajui mpangilio wa kujenga, alisimamisha mlango wa chumba cha masufuria kabla ya kuta. Ukawa umesimama peke yake kwenye kiwanja, na masufuria yamepangwa nyuma yake peupe, tukawa kichekesho cha barabara nzima. Alhamisi alikuja mtu mgeni kabisa, wa zile nyumba mpya, amefiwa na mama yake, ameelekezwa na watu. Hatumjui wala hatujui dini yake. Angeweza kuzunguka akachukua sufuria, hapakuwa na ukuta wowote. Alipita mlangoni. Alifungua kile kipande cha mti, akaingia, akachagua mawili, akatoka, akaufunga. Nilipoona hivyo nilijua kwamba tumehama salama.

Basi masufuria hayaji Ujiji, na mimi siji. Sikatai kwa ukaidi, ingawa utasema ni ukaidi. Baba alipenda kusema ukiona vyaelea vimeundwa, na wewe na mimi tumezoea kudhani alikuwa anasema boti. Kuta zimefika kifuani. Chumba kimoja nimekitolea dirisha la upande wa ziwa, kwa sababu kuna mtu ambaye hawezi kulala bila kulisikia, na hata kama siku hizi anakohoa zaidi kuliko kulisikiliza, chumba ni chake.

Kwa mkono wa Rachid anayekuletea barua hii nimekuletea na sufuria. Ni lile dogo la pili, lile Mama alilopikia uji wetu wa Ramadhani. Ndani nimetia ndagala wa mwisho kabla ziwa halijafungwa, na chupa ya mawese ya Evangelina, kwa ajili ya kifua na kwa ajili ya wifi. Nimekuazima, kaka, sikukupa. Masharti unayajua tangu ukiwa mtoto. Na nakuomba, kama ukilitazama ukaona huna kitu kinachotosha kutia ndani, usilale juu yake miaka kumi na sita kama mwenzako. Lilete mwenyewe. Mikono yako ikiwa imelishika, kwangu mimi halijarudi tupu.

Msalimie wifi, watoto, na wajukuu mmoja mmoja kwa majina yao. Bibi Fahima anakusalimu, anasema umnunulie ubani. Abdul anakusalimu, na Evangelina na Revokatus wanakusalimu ingawa hamjaonana. Nimewaambia wewe ndiwe uliyelipandisha lile sufuria kichwani mpaka kwao. Evangelina anasema angependa kumwona huyo mtoto.

Wasalaam,

Mdogo wako asiyekusikiliza lakini anayekungoja,

Mwanvua binti Hamissi